Kicheko Kisichohitaji Utani

Riziki yangu naipata kwa kusikiliza watu wakiongea. Mtafiti ananitumia rekodi ya mahojiano, nami naigeuza kuwa maandishi, neno kwa neno, pamoja na kila "eeh" na kila kikohozi. Ni kazi ya kurudisha nyuma sekunde chache, kusikiliza, kuandika, kurudisha tena. Ukiizoea unaanza kusikia mambo ambayo hata wenye mazungumzo hawakuyasikia. Kubwa kuliko yote kwangu ni hili: watu wanacheka mno, na mara nyingi hakuna kinachochekesha.

Chukua kipande hiki, ambacho nimekibadilisha kidogo ili mwenyewe asitambulike. Mama mmoja anasimulia alivyosubiri majibu ya vipimo. "Wakasema njoo kesho. Nikaja. Wakasema njoo keshokutwa [anacheka]. Basi, nikaja." Anayemhoji naye anacheka, pumzi mbili tu za puani, kisha anauliza swali linalofuata. Utani hapo haupo hata wa kutafuta kwa tochi. Ukisoma karatasi bila kusikia sauti utadhani wawili hawa wanafanyia mzaha ugonjwa. Ukisikia sauti unaelewa papo hapo: mama anauliza "upo nami lakini?" na mwenzake anajibu "nipo, endelea."

Kwa miaka mingi elimu ya kicheko ilikuwa kwa kweli elimu ya utani. Wanafalsafa waliuliza kwa nini jambo fulani linachekesha, wakaandika vitabu vizima juu ya kejeli, mshangao na dharau, na kicheko chenyewe wakakichukulia kuwa ni moshi tu unaoonyesha kwamba mahali fulani kuna moto. Aliyegeuza kibao ni Robert Provine wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Mwanzoni alifanya kama wenzake: akawakalisha watu maabara, akawaonyesha vichekesho, akasubiri. Hawakucheka vya kutosha. Kicheko kikiviziwa kinakimbia. Basi yeye na wanafunzi wake wakatoka nje, wakakaa kwenye maduka makubwa na pembeni mwa njia, wakawa wanatega sikio na kuandika: nani amecheka, na ni maneno gani yalitangulia.

Walikusanya vicheko 1,200, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Kati ya maneno yaliyotangulia vicheko hivyo, asilimia 10 hadi 20 tu ndiyo yaliyokuwa na chembe ya uchekeshaji. Mengine yote yalikuwa ya aina ya "Una uhakika?" na "Tutaonana baadaye." Tena msemaji alicheka zaidi kuliko msikilizaji, kwa asilimia 46. Watu nikiwaeleza hili wanabisha, maana sote tumezoea picha ya mchekeshaji mwenye uso mkavu na hadhira inayogaragara. Lakini mchekeshaji jukwaani ni kiumbe wa pekee. Mtu wa kawaida anacheka maneno yake mwenyewe kutwa nzima, na wala hajipendekezi.

Kabla ya hapo Provine alikuwa amewaomba wanafunzi waandike kumbukumbu za lini walicheka na walikuwa na nani. Ukiondoa muda wa televisheni, redio na vitabu, uwezekano wa kucheka mbele ya watu ulikuwa mara 30 ya ule wa kucheka peke yako. Mara thelathini! Kuongea peke yetu tunaongea, na kutabasamu peke yetu tunatabasamu. Kucheka ndiko kunakokaribia kukatika kabisa asipokuwepo mwenzako. Na hili halisubiri ukubwa. Caspar Addyman na wenzake waliwaonyesha katuni watoto wa kati ya miaka miwili na nusu na minne, mara wakiwa peke yao, mara wakiwa na wenzao. Waliokuwa na wenzao walicheka karibu mara nane zaidi, ingawa watoto wenyewe hawakuiona katuni ile kuwa inachekesha zaidi. Kupata mwenzi mmoja tu kulitosha. Kundi kubwa halikuongeza kitu.

Kuna jambo jingine ambalo Provine aliliona na ambalo mimi nalikuta kila siku kazini: kicheko kinajua mahali pake. Katika vicheko vyake 1,200, ni vinane tu vilivyokatiza sentensi katikati. Vingine vyote vilisubiri mwisho wa fungu la maneno, pale ambapo mimi naweka koma au nukta. Mtu anaweza kusema haihitaji utafiti kueleza hilo, kwani mdomo ni mmoja na pumzi ni moja, huwezi kusema na kucheka kwa wakati uleule. Hoja nzuri, ila inaanguka kwa viziwi. Mwaka 2006 Provine na Karen Emmorey waliangalia viziwi wakizungumza kwa lugha ya alama. Mikono inasema, koo halina kazi. Wangeweza kucheka muda wote bila kukatiza lolote. Na bado vingi vya vicheko vyao viliangukia kwenye vituo, mwishoni mwa fungu. Kwa hiyo mpangilio huo unatoka ubongoni, mahali ambapo lugha na kicheko vinagombea zamu, na lugha ndiyo inayotangulia.

Hapo sasa lazima tuingie mwilini kidogo, kwa sababu kicheko ni sauti ya ajabu sana. Kuongea kunahitaji ufundi wa pumzi: misuli ya katikati ya mbavu inaachia hewa kidogo kidogo, ulimi na midomo vinaichonga. Kicheko kikija kinaupiga teke ufundi wote huo. Misuli ileile inaanza kubana kwa mikupuo, inakamua hewa nje, na kila mkupuo unatoa "ha" moja. Kila "ha" ina urefu wa milisekunde 75 hivi, na kutoka mwanzo wa moja hadi mwanzo wa inayofuata ni kama milisekunde 210. Ulimi hauna kazi kubwa hapo, ndiyo maana kicheko cha kweli hakina konsonanti za maana. Kikikolea, misuli inaendelea kubana hata hewa ikiwa imekwisha, ndipo unapoona mtu anacheka kimya, machozi yanamtoka, kisha anavuta pumzi kwa mlio kama anayeibuka majini. Kuandika kitu hicho kwenye nakala ni mtihani. Mimi huandika tu [anacheka sana], na najua nimekosa haki.

Miguu nayo huishiwa nguvu. Watafiti wa Uholanzi waliripoti mwaka 1999 kwamba mtu akicheka kwa dhati, mrejesho wa haraka wa misuli ya mguu, ule ambao daktari huupima kwa kuchochea neva, unafifia sana. Anayeshika ukuta kwa kicheko haigizi.

Tabia hii hatukuianza sisi. Marina Davila-Ross na wenzake waliwatekenya sokwe, bonobo, gorila na orangutani wachanga, pamoja na watoto wachache wa binadamu, wakarekodi sauti zao na kuzipanga kwa jinsi zinavyofanana. Mti wa ukoo uliotokea kwenye sauti ulilingana na ule ambao tayari unajulikana kutokana na vinasaba. Matokeo hayo ya mwaka 2009 yanasogeza asili ya kicheko hadi kwa babu wa pamoja aliyeishi kati ya miaka milioni 10 na 16 iliyopita. Sokwe hucheka kwa kuvuta na kutoa pumzi, kama anayehema baada ya mbio. Sisi tunaikata pumzi moja inayotoka vipande vipande. Jaak Panksepp alikwenda mbali zaidi: aliwatekenya panya. Panya wanaotekenywa hutoa milio ya kilohezi 50 hivi, juu kabisa ya uwezo wa sikio letu, na huufuata mkono uliowatekenya wakitaka zaidi. Kama hicho ni kicheko kwa maana yetu, sijui nani atakayekata shauri. Lakini ni sauti ya mchezo, inayosema kwamba meno haya hayang'ati, na kwa wanyama wengi kazi ya sauti hiyo ni hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye ninalotaka kulisema.

Madaktari wa ubongo wanajua tangu zamani kwamba kicheko kina njia mbili. Moja ni ya zamani, inapita sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulikia hisia na kushuka kwenye shina la ubongo. Hiyo haituombi ruhusa. Nyingine inaanzia sehemu za mbele zinazopanga mwendo wa mwili, njia ileile inayotumiwa na maneno. Kuna wagonjwa wa kiharusi ambao ukiwaambia watabasamu, nusu ya uso haisogei, na ukiwachekesha, uso mzima unafunguka. Na kuna wengine ambao kicheko kinawapasuka msibani bila furaha wala sababu. Mwaka 1998 Itzhak Fried na wenzake walieleza habari za msichana wa miaka 16 aliyekuwa akichunguzwa kwa sababu ya kifafa. Walipopitisha umeme kidogo kwenye eneo fulani upande wa kushoto wa mbele ya ubongo wake, alitabasamu. Walipoongeza, akacheka kweli, kicheko cha kuambukiza. Walipomuuliza kilichomchekesha, kila mara alikuwa na jibu: mara picha ya farasi aliyokuwa akitazama, mara nyinyi madaktari, mnachekesha mlivyosimama hapo. Ubongo wake ulicheka kwanza, sababu ikatafutwa baadaye. Nashuku sisi wengine hatuko mbali sana na msichana yule.

Tukiwa na njia mbili, tuna vicheko viwili: kile kinachotupasuka na kile tunachokitoa. Cha pili kinasemwa vibaya sana. Tunakiita cha bandia, cha kinafiki, cha kujikomba. Semina za uongozi zinawafundisha watu "kuwa wa kweli", kana kwamba mtu anayecheka kidogo hadithi ya bosi wake amesema uongo mahakamani. Mimi nimevisikiliza vicheko hivi kwa masikio yote mawili, nikavirudia, nikavipunguza kasi, na nasimama upande wao.

Kupunguza kasi ndiko kulikonishawishi. Gregory Bryant na Athena Aktipis walifanya jaribio mwaka 2014 ambalo kila mwenye programu ya sauti anaweza kulirudia. Walichukua vicheko vya aina zote mbili, wakavipunguza kasi, wakawauliza wasikilizaji: huyu ni binadamu au mnyama? Vicheko vilivyopasuka vyenyewe viliwachanganya. Vikichelewa vinasikika kama nyani fulani. Vile vya hiari havikumchanganya mtu, hata vikienda polepole vilikuwa vya binadamu waziwazi. Nililijaribu kwa rekodi ninazozifanyia kazi, na kweli, kuna kicheko kimoja cha mzee mpole sana ambacho kikipunguzwa kasi unatamani kufunga mlango.

Maana yake naiona hivi. Kicheko tunachokisifu kuwa cha kweli ni urithi wa porini. Kile tunachokidharau ndicho tulichokitengeneza wenyewe, kwa koo lililojifunza kusema. Mama yule wa vipimo hakupasuka. Alikitoa kicheko chake makusudi, mahali sahihi, kwa kipimo sahihi, na aliyemhoji akampokea. Kukiita uongo ni sawa na kukiita "pole" uongo kwa sababu msemaji hakulia.

Wala hakuna anayedanganywa sana. Katika jaribio jingine la Bryant na timu kubwa, lililochapishwa mwaka 2018, wasikilizaji 884 kutoka jamii 21 walitofautisha kicheko cha hiari na kile cha kupasuka kwa usahihi unaozidi wa kubahatisha, kati ya asilimia 56 na 69 kutegemea jamii. Maabara ya Sophie Scott, katika chuo kikuu cha UCL mjini London, iliona pia kwamba watu wakisikia kicheko cha hiari, sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kufikiria mawazo ya mwenzako zinafanya kazi zaidi, hata kama wasikilizaji hawakuambiwa wachunguze chochote. Tunasikia, na tunajiuliza: huyu ananicheka, ananipoza, au anataka niondoke? Kicheko kinachopasuka hakitupi kazi hiyo. Kinatuambukiza tu.

Kwa habari ya kuambukiza, sauti za hisia si zote sawa. Mwaka 2010 Disa Sauter, Scott na wenzao waliwasikilizisha Waingereza sauti za Wahimba wa kaskazini mwa Namibia, na Wahimba sauti za Waingereza: vilio, miguno, vicheko, bila neno hata moja. Hasira, hofu, karaha, huzuni na mshangao zilitambulika pande zote mbili. Katika hisia nzuri ilikuwa kazi kidogo. Sauti za kushinda, kufarijika au kuburudika mwili hazikuvuka mipaka vizuri. Kicheko kilivuka. Na mwaka 2016 Bryant alicheza vipande vya sekunde moja hivi vya watu wawili wakicheka pamoja, akawauliza wasikilizaji 966 wa jamii 24 duniani: hawa ni marafiki au ndio wamekutana? Walipatia kwa asilimia 61. Si usahihi wa kutisha, lakini ni sekunde moja, na lugha ni ngeni. Marafiki wa kike walitambulika vizuri kuliko wote.

Nini kinafanyika ndani ya watu hao wakicheka pamoja? Robin Dunbar wa Oxford alipendekeza kwamba kicheko kinafanya kazi ambayo nyani wanaifanya kwa kuchambuana manyoya, ila chenyewe kinawafikia wengi kwa mpigo. Mwaka 2012 alionyesha kwamba watu waliotoka kucheka pamoja walivumilia maumivu zaidi, wakipimwa kwa baridi kali au kubanwa mkono, kuliko waliotazama kitu kisichochekesha. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, wakawapiga wanaume 12 picha za ubongo baada ya nusu saa ya vichekesho pamoja na rafiki zao, wakaona dalili kwamba mwili umeachia opioidi zake wenyewe, yaani kemikali za kutuliza maumivu. Nakiri huu ndio ushahidi ambao wenzangu wanaotetea kicheko cha kupasuka wanaweza kunitupia usoni, kwani kinachofungua mlango huo ni kile cha mbavu kuuma, cha adabu hakijaonyeshwa kuufungua. Sawa. Lakini kutoka hapo hadi kwenye vikao vya "cheka upone" ni mbali mno, na wanaouza tiba hiyo wanatumia wanaume 12 wa Turku kama cheti.

Na tusijidanganye kwamba kicheko siku zote kinaunganisha. Kinaunganisha walio ndani kwa kumweka mtu nje, kila mtoto aliyewahi kuchekwa darasani anajua. Mwaka 1962 katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, kicheko kilianza kwa wanafunzi wachache mwishoni mwa Januari, na kufikia Machi 18 shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Huko nje kisa hiki kinasimuliwa kama kichekesho. Ripoti ya madaktari ya mwaka uliofuata inaeleza vilio, mahangaiko na hofu pamoja na vicheko, kwa wasichana wadogo walio chini ya shinikizo, walimu hawakuguswa. Hiyo ilikuwa dhiki iliyoshika njia ya kicheko kwa kuwa ndiyo inayopitika kirahisi kutoka kwa mtu hadi mtu.

Upande wa pili kuna wasioambukizwa. Mwaka 2017 kundi jingine la UCL liliwasikilizisha vicheko wavulana wa miaka 11 hadi 16 wenye matatizo ya tabia. Wale waliokuwa pia wagumu wa huruma walisema hawasikii sana hamu ya kujiunga, na sehemu za ubongo zinazoandaa mwili kujibu kicheko zilitulia kuliko za wenzao. Watafiti wenyewe walisema haijulikani kipi kilitangulia.

Laura Kurtz na Sara Algoe walirekodi jozi 71 za wapenzi, kila mtu na mwenziwe, wakieleza walivyokutana mara ya kwanza, kisha wakapima vicheko sekunde kwa sekunde: nani alicheka, lini, na muda gani wote wawili walikuwa wakicheka kwa pamoja. Sehemu ya mazungumzo iliyochukuliwa na kicheko cha pamoja ilikwenda sambamba na jinsi wenyewe walivyosema wako karibu na wanasaidiana, hata baada ya kuondoa athari ya vicheko vingine vyote. Mwenye mwenza anayecheka peke yake kwenye kila hadithi, huku mwingine akitazama ukuta, hakupata alama hizo. Na ninavyoifahamu simulizi ya mtu na mwenziwe walivyokutana, mpaka inafika maabara imesharudiwa mara nyingi. Hakuna aliyekuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.